Mkia wa Kitenzi

Mwezi wa Septemba mji mzima wa Skopje hunuka pilipili hoho zilizochomwa, na soko la Bit Pazar hunuka kupita mitaa yote, kwa kuwa huko pilipili nzima, zilizooza na zilizokanyagwa huishi pamoja chini ya maturubai yale yale. Belkıs alikuwa ameinama juu ya gunia, koti lake la rangi ya zabibu limebanwa mkanda kiunoni, nywele zimeshikwa kisogoni kwa kibanio cha mbao. Alimwinulia muuzaji kidole kilicholowa.

"Hii ni nini, mjomba? Nilikuomba pilipili, umenipa supu."

"Chagua mwenyewe, mwanangu. Mimi nauza tu, sikuziumba."

"Kila wiki unaniuzia zile ambazo mkeo amekataa kuzipika."

Kitenzi cha "unaniuzia" alikitamka kwa Kituruki kama kinavyotamkwa katika mji ule, kwa mkia mfupi uliokatwa karibu na mzizi. Istanbul huurefusha mkia huo na kuuchana vizuri. Mtu wa Lamu au Mombasa aliyewahi kusahihishwa Kiswahili chake na kijana wa redio hahitaji maelezo zaidi. Nyuma ya Belkıs sauti ya mwanamume ilikirudia kitenzi kile kile, polepole, pamoja na mkia wake wote, kama mgeni anayenyoosha picha iliyopinda katika sebule isiyo yake.

Belkıs aligeuka. Alimwona mwanamume mwembamba mwenye miwani, shati jeupe limefungwa vifungo hadi kooni, mkononi mfuko uliokuwa na biringani moja tu.

"Umesema nini?"

"Samahani, dada. Sikukusudia. Ni mazoea."

"Mazoea ya kuwafuata wanawake sokoni ukiwaokotea vitenzi?"

"Ni kazi yangu."

"Kuna mtu anakulipa kwa hilo?"

"Bado. Naanza Jumatatu."

"Mpe biringani la pili," muuzaji alimwambia mkewe aliyekaa kwenye kreti. "Huyu hana wa kuzungumza naye."

Mwanamume yule aliona haya hadi masikioni, akaondoka bila biringani la pili. Jina lake lilikuwa İlhami. Alizaliwa mtaa wa nyuma ya soko lile lile, akapelekwa Ankara kusoma, na huko akasuguliwa ulimi miaka saba hadi ukang'aa. Siku ya Jumatatu Belkıs alipoingia katika ukumbi wa Kumpanya ya Kandil, kikundi cha maigizo alichokuwa akiigiza, alimkuta ameketi safu ya tatu, penseli mkononi. Mwongozaji alikuwa akimtambulisha kwa waigizaji kuwa ndiye msahihishaji mpya wa matamshi.

"Ah," alisema Belkıs. "Polisi wa vitenzi."

"Hujambo, dada," alijibu İlhami. "Pilipili zilikuwaje?"

"Zilikuwa na sarufi mbaya. Tulizila hivyo hivyo."

Kumpanya ile ilikuwa na historia ambayo watu hupenda kuisimulia wakiwa wameshiba. Ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika chumba cha kusomea magazeti nyuma ya duka la fundi cherehani. Walimu wachache, mafundi nguo na kinyozi mmoja waliamua kwamba Kituruki kinastahili kusemwa jukwaani katika mji ule, si jikoni pekee. Kisha zikaja treni. Familia kwa familia, Waturuki wa Skopje waliuza nyumba zao kwa bei za aibu, wakafunga majiko na magodoro, wakahamia Uturuki. Kila treni iliondoka na kipande cha tamthilia: wiki moja ilimchukua mpenzi, wiki nyingine mhalifu, mara moja ilimchukua mfalme kati ya onyesho la mchana na la jioni. Waliobaki waligawana maneno ya waliohama, hata mtu mmoja akawa anajibizana na nafsi yake kwa kubadilisha kofia.

Mwanamke wa kwanza kukubali kupanda jukwaa lile alikuwa msichana wa kiwanda cha soksi aliyeitwa Bedriye. Kaka zake waliacha kumsemesha. Mchumba wake, mwigizaji mwenzake, alipopanda treni, Bedriye alibaki kwenye jukwaa la stesheni, na jioni yake akarudi kwenye jukwaa la mbao. Bedriye huyo sasa alikuwa bibi wa Belkıs, mzima, mkali, mwenye meno ya bandia asiyoyapenda. Tamthilia iliyokuwa ikiandaliwa ilikuwa juu yake, na Belkıs ndiye aliyepewa kumwigiza.

Kwa hiyo haikuwa kazi tu kwake. Alitaka jambo moja: bibi yake aketi ukumbini akiwa hai, ajione, na ajisikie akisema kama alivyosema. Hakuwa na tamaa nyingine kwa mwaka ule, wala hakuona kuwa hiyo ni kubwa.

Mwongozaji aliona. Haldun Bey, yaani Bwana Haldun, aliletwa kutoka Istanbul ili kuinua kiwango. Alikuwa na skafu ya hariri kwa kila hali ya hewa, na manukato yaliyoingia ukumbini kabla yake na kubaki baada yake, yakigombana na harufu ya zulia bichi na mikojo ya paka. Aliwaita waigizaji wote "watoto wangu," hata yule mwenye wajukuu. Nadharia yake ya sanaa aliieleza siku ya kwanza, akimenya chungwa na kudondosha maganda jukwaani.

"Lahaja ni chumvi, watoto wangu. Bedriye akigombana dukani, lahaja. Akianguka kutoka kwenye kigoda, lahaja. Watu watakufa kwa kicheko. Lakini hotuba ya mwisho, pale stesheni, itakuwa Kituruki safi."

"Kwa nini?" aliuliza Belkıs.

"Kwa sababu watu hawalii kwa lahaja, kipenzi."

"Bibi yangu alilia kwa hiyo."

"Bibi yako hakuuza tiketi," alisema Haldun Bey, akajifuta vidole kwa pazia.

Belkıs alisikia kitu kikimpanda kooni, kama mtu aliyeuma tunda na kukuta nusu ya funza. Alimtazama msahihishaji, aliyekuwa ameinamisha kichwa juu ya karatasi zake kana kwamba amepoteza kitu humo.

Mafunzo ya matamshi yalifanyika mchana, ukumbi ukiwa mtupu. İlhami alilazimika kuutazama mdomo wa Belkıs kwa muda mrefu, na alilazimika kufanya hivyo kwa uso wa daktari. Belkıs alifahamu ugumu wa kazi hiyo akauongeza. Siku moja alivaa blauzi ya kijani yenye shingo pana, siku nyingine hereni za matone mekundu ambazo bibi yake huziita za kuvulia samaki.

"Tena," alisema İlhami. "Refusha irabu ya pili."

"Nimeirefusha."

"Umeivuta. Kuvuta si kurefusha."

"Wewe huyasikia haya yote kweli, ama unatunga ili niendelee kufungua mdomo?"

İlhami aliivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena.

"Asilimia kubwa nasikia," alisema.

"Na iliyobaki?"

"Iliyobaki natunga."

Kuanzia siku hiyo walikwenda pamoja kunywa chai katika bazari kongwe, kwenye duka lenye viti vya majani vilivyokuwa vikizichana soksi za Belkıs. Pale, mbali na penseli, İlhami alikuwa mtu mwingine. Aliweza kuiga sauti za maprofesa wa Ankara. Alikiri kwamba mwaka wa kwanza huko alinyamaza miezi mizima, kwa kuwa kila alipofungua kinywa wenzake walimwomba arudie na kucheka.

"Walicheka nini?"

"Mkia wa kitenzi."

"Ukafanya nini?"

"Niliukata. Nikapandikiza mwingine."

"Uliumia?"

"Siku hizi nasahau kwamba si wangu."

Belkıs alikizungusha kijiko katika bilauri yake ndogo ingawa sukari ilikuwa imekwisha kuyeyuka. "Basi wewe unaelewa. Hotuba ya mwisho, İlhami. Nataka niiseme kama bibi. Kuchekwa kwenye kigoda nitavumilia, lakini stesheni waniachie. Neno la matamshi ni lako, si la Haldun Bey. Ukisema ibaki, itabaki."

"Itabaki."

"Unaahidi?"

"Naahidi, roho yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Wote wawili walijifanya wanatazama njiwa, ambao huko ni wachafu na hawastahili kutazamwa.

Jioni ya siku ya pili yake simu ya İlhami ililia. Alikuwa akipiga pasi lile shati jeupe, simu ameibana kati ya sikio na bega.

"Umekula?" aliuliza Belkıs.

"Biringani."

"Tena? Utageuka zambarau."

"Wewe uko wapi? Nasikia mtu anapigana."

"Ni televisheni. Bibi anatazama mfululizo wa Istanbul, anamtukana bwana mmoja aliyemsaliti mkewe. Anamwambia akija Skopje atamvunja miguu." Akacheka, na kule nyuma yule bwana wa Istanbul aliendelea kujitetea. "İlhami."

"Naam."

"Seveym seni."

Ndiyo "nakupenda" ya Skopje, yenye mkia mfupi. Belkıs hakuwahi kuisema kwa mwanamume mwingine. Aliisema kama ilivyomjia, akiwa amesimama kwenye ushoroba na soksi moja mguuni.

Upande wa pili pasi ilitua kwenye kisahani chake. Kisha sauti ya İlhami, laini, safi, ikasema:

"Seviyorum."

Neno lilikuwa lile lile, pamoja na mkia wake wote. Katika Kituruki lilitosha kabisa kuwa jibu: nami napenda. Lilitosha vilevile kuwa kitu kingine.

"Umesemaje?" aliuliza Belkıs.

"Nimesema... nimekujibu."

"Umenijibu ama umenisahihisha?"

"Belkıs, jamani. Nimekujibu."

"Kwa nini hukusema 'nami pia' kama watu?"

"Kwa sababu nilisema hivyo nilivyosema. Usinifanyie hivi, roho yangu. Nakupenda."

"Haya," alisema Belkıs. "Piga pasi yako."

Alikata simu akiwa hajakasirika bado. Alilala akilipima lile neno ulimini, kama mtu anayepima maziwa asiyoyaamini.

Kesho yake walifanya mazoezi ya tendo la mwisho. Belkıs alisimama mahali palipochorwa chaki kuwa ukingo wa jukwaa la stesheni, mbele yake Cemal wa tamthilia, yule mchumba aliyepanda treni, akiigizwa na mwigizaji mwenye tumbo na sanduku tupu. Akaanza kwa sauti ya bibi yake: Nenda, Cemal. Seveym seni. Lakini nikipanda treni hii, nani atayasema maneno yangu kesho?

Penseli ya safu ya tatu haikusogea. Belkıs aliona hivyo kwa pembe ya jicho, na moyo wake ukapanuka.

"Msahihishaji," iliita sauti ya Haldun Bey kutoka nyuma, mdomo umejaa karanga. "Umelala? Au tumekuajiri uwe pambo?"

Mtu mwenye sanduku alilibadilisha mkono. İlhami aliinua kichwa, na akafanya kile ambacho Ankara ilikuwa imemfundisha kufanya kila watu walipomgeukia.

"Seviyorum," alisema.

Ilikuwa sauti ya simu. Ulaini ule ule, usafi ule ule, mteremko ule ule mwishoni, bila tofauti ya unywele mmoja. Belkıs aliitambua kama mtu anavyoitambua harufu ya kitu kilichofia chini ya sakafu: ukishaijua huwezi tena kudai ni hali ya hewa.

"Asante," alimwambia. Akaisema hotuba yote kwa Kituruki cha Istanbul, bila kosa hata moja. Haldun Bey akapiga makofi.

Katika ukumbi wa nje İlhami alimkimbilia, skafu imemtoka shingoni.

"Belkıs, nisikilize. Hapa nilikosea, nakubali. Aliniaibisha mbele ya watu. Lakini jana ilikuwa jibu."

"Usiniguse."

"Naapa ilikuwa jibu."

"Nilikupa neno nililolitoa kifuani, ukalipangusa pua kama mtoto wa jirani." Alikuwa akivaa glavu, kidole kwa kidole. "Unajua ninachosikia? Si hasira. Ningependa iwe hasira. Nasikia kichefuchefu."

İlhami alipiga simu jioni ile, na zilizofuata. Belkıs aliiacha simu iruke juu ya meza hadi bibi yake akaifunika kwa sufuria. Mara moja alipokea kwa bahati mbaya.

"Usikate," alisema İlhami. "Sema lolote. Nitukane."

"Kwa matamshi yapi?"

"Yako. Nilikujibu, roho yangu. Kwa nini huniamini?"

"Roho yako iko Ankara. Kaichukue," alisema, akakata.

Gülşen, mshona mavazi wa kumpanya, mwanamke mnene aliyezoea kuzungumza na pini mdomoni, aliamua kuingilia kati. Alikuwa akimpima Belkıs gauni la stesheni, la kijivu, kola nyeupe, kitambaa cha kuwasha kama adhabu.

"Huenda alikuwa anakujibu kweli, mdogo wangu."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Lakini neno ni lile lile. Chukua lile zuri. Mimi marehemu mume wangu hakuniambia kabisa, wala kwa lahaja wala kwa Kituruki safi. Alikuwa ananiambia 'funga mlango.'"

"Nikichukua lile zuri, dada, nitalala nalo miaka arobaini nikijiuliza."

"Kila mtu hulala na kitu anachojiuliza. Simama wima."

"Inawasha."

"Historia inawasha," alisema Gülşen, akachomeka pini.

Onyesho la kwanza lilijaa. Lilijaa watu wa aina ile inayojaza maonyesho ya kwanza: wakubwa waliokuja kupigwa picha, wake zao waliovaa manyoya katika ukumbi usio na baridi, wageni wa heshima kutoka Istanbul waliowekewa viti vyenye mito. Kando ya kuta zilipangwa meza za vitafunwa, na kabla ya pazia kufunguliwa zeituni zilikuwa zimekwisha na kokwa zake zimetemewa katika vyungu vya maua. Waturuki wa mji walikuja pia, wale ambao mwaka mzima hukaa nyumbani kutazama mifululizo. Bibi Bedriye aliketi safu ya pili, gauni jeusi, kola ya kusuka, mkoba juu ya magoti. İlhami alikuwa nyuma yake, kwenye kiti chake cha kazi.

Haldun Bey hakuwa mjinga, na hilo ndilo baya zaidi. Chumvi yake ilikolea. Belkıs alipogombana dukani, mkia wa kitenzi cha kwanza uliangusha kicheko, wa pili ukaangusha kingine, na alipoanguka kutoka kwenye kigoda akisema "nimevunjika" kwa Kituruki cha mtaani kwake, mgeni mmoja wa heshima alipiga goti lake kwa kofi. Lakini waliocheka kwa sauti kubwa kupita wote walikuwa wenyeji. Watu waliozaliwa ndani ya sauti ile, walioitiwa chakula na kuombolezewa mababu kwa sauti ile, walikuwa wakiicheka huku wakitazama pembeni kuhakikisha kwamba wageni wamewaona wakicheka. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa akimrudia Belkıs kila neno, akimweleza jirani yake wa Istanbul: "Umesikia? Ndivyo wanavyosema." Wanavyosema, alisema, kana kwamba mama yake alikuwa kabila jingine.

Bibi Bedriye hakucheka. Aliushika mkoba.

Likaja tendo la stesheni. Taa zikawa za samawati, moshi wa bandia ukatambaa, mtu mwenye sanduku akapanda kidato. Kwa majuma kadhaa Belkıs alikuwa ameisema hotuba ile kwa Kituruki safi, na Haldun Bey, nyuma ya pazia, alikuwa amekwisha kuandaa uso wa kupokelea machozi. Belkıs aliutazama mkoba juu ya magoti ya bibi yake.

"Nenda, Cemal," alisema. "Seveym seni."

Ukumbi ulicheka.

Haukucheka kwa ukatili. Ulikuwa umefundishwa kwa muda wa saa mbili kwamba sauti ile ni ya kuchekesha, nao ukaitikia kama paka anayesikia kopo likifunguliwa. Mgeni wa heshima alijifuta macho. Belkıs alisimama palepale, mikono imelegea, na maneno yaliyobaki ya hotuba yalikaa kinywani mwake kama uji uliopoa.

Ndipo mtu aliposimama safu ya tatu, penseli mkononi.

"Ngojeni hapo," alisema İlhami.

Alisema kwa sauti ya mazoezini, ile ya uchovu, isiyopanda wala kushuka. Baadhi ya watu walidhani ni sehemu ya tamthilia wakajiandaa kucheka tena.

"Mmecheka mahali pasipostahili," aliwaambia. "Pale pana nukta, halafu pumzi. Hapana kicheko. Tutarudia."

"Kaa chini, wewe," ilinong'ona sauti ya Haldun Bey kutoka kwenye pazia.

"Haldun Bey, hata wewe umecheka. Nimekusikia." Akageukia wageni wenye mito. "Na nyinyi pia, tafadhali. Mheshimiwa wa mwisho hapo, weka mkono wako gotini. Ndiyo. Belkıs Hanım, samahani kwa kukukatiza. Kuanzia 'Nenda.'"

Hakuna aliyejua la kufanya, na watu wasiojua la kufanya hutii. Belkıs alivuta pumzi.

"Nenda, Cemal. Seveym seni. Lakini nikipanda treni hii, nani atayasema maneno yangu kesho? Pazia likifunguliwa na mimi sipo, watasema lugha yetu ilikuwa na mdomo mmoja tu, nao ulihama."

Si kweli kwamba ukumbi ulilia, ingawa Gülşen husimulia hivyo. Ukumbi ulinyamaza. Mtu mmoja alikohoa na akasikika amejuta. Kisha pazia likafungwa, na kabla halijaacha kutikisika Haldun Bey alikuwa amemfukuza kazi İlhami kwa maneno mengi, baadhi yake yakiwa na matamshi ya mtaa ambao hakupenda ujulikane kuwa ndiko alikozaliwa.

Bibi Bedriye aliletwa chumba cha mavazi, akakalishwa juu ya kreti. Alimtazama mjukuu wake kutoka viatuni hadi nywele.

"Mimi nilikuwa mwembamba," alisema.

"Najua, bibi."

"Wala sikusema maneno yote yale. Nilimwambia nenda. Basi."

"Najua."

"Lakini sauti ilikuwa yangu." Alifungua mkoba, akatoa kitambaa, akampangusa Belkıs rangi ya shavuni kwa nguvu isiyo ya lazima. "Yule mwenye penseli ni nani?"

"Si mtu."

"Asiye mtu hawanyamazishi wakubwa. Ana wazazi?"

"Bibi."

"Nauliza tu."

Asubuhi iliyofuata, Belkıs ndiye aliyepiga simu.

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Nimefukuzwa kazi."

"Sikuuliza hilo. Njoo kwa mwokaji, kwenye kona ya msikiti."

İlhami alimkuta ameketi dirishani, koti la zabibu begani, macho yamevimba, mbele yake pogaça mbili za moto, mkate uliotiwa ndani yake tabaka za unga na siagi, chakula ambacho mji ule haujawahi kukiombea radhi. İlhami hakuwa amevaa tai. Kifungo cha juu cha shati kilikuwa wazi, na chini yake ngozi ilikuwa nyeupe kama ya mtu aliyetolewa plasta.

"Jana ulifanya jambo," alisema Belkıs. "Sikulisahau, wala sitakushukuru, kwa sababu ungelifanya mapema lisingehitajika."

"Ni kweli."

"Sasa nitakuuliza mara moja. Fikiri kabla ya kujibu. Siku ile ya simu. Ulikuwa unanijibu ama unanisahihisha?"

Jibu zuri lilikuwa mezani, karibu kuliko chumvi. Baada ya onyesho la jana angeaminiwa. Gülşen alikuwa amekwisha kuliamini, na Belkıs mwenyewe, asubuhi ile, alikuwa amejiandaa kuliamini, tena amechana nywele kwa ajili yake.

İlhami aliutazama mkate.

"Nilikusahihisha," alisema.

Mwokaji aliivuta sinia kutoka tanurini, bati likalia.

"Mdomo ulitangulia," aliendelea. "Neno lilipokwisha kutoka ndipo nikasikia ulichoniambia. Nikaona kwamba neno lenyewe linaweza pia kuwa jibu, nikajificha ndani yake. Nimekuapia mara nyingi. Zote zilikuwa uongo."

"Kumbe nilisikia sawasawa."

"Ulisikia sawasawa."

Belkıs aliegemea kiti. Kile kichefuchefu alikitafuta mahali pake pa kawaida, chini kidogo ya koo. Kilikuwapo bado, ila kilikuwa kimekaa chini.

"Unajua kinachonichukiza zaidi?" alisema. "Wale waliocheka wangeapa hadi kesho kwamba hawakucheka. Wewe umekiri."

"Najua."

"Jumapili njoo nyumbani na mama yako."

"Kufanya nini?"

"Unadhani watu huja na mama zao kufanya nini? Kuangalia televisheni? Njooni mpose. Bibi ataongea yeye, baba atajifanya anafikiri. Usivae lile shati."

İlhami aliusogeza mkate kando. "Nitasahihisha tena, Belkıs. Sijui kuacha. Nitamsahihisha hata bibi."

"Bibi atakuvunja miguu."

"Nasema kweli."

"Na mimi pia. Kula."

Akaanza kumsimulia yaliyotokea baada ya pazia: Haldun Bey alivyozitafuta skafu zake akilia kwa hasira, mgeni wa heshima alivyouliza kama yule mwenye penseli atakuwepo pia katika onyesho la Istanbul, Gülşen alivyomeza pini au alivyodhani amemeza. Alisimulia kwa mwendo wa mtaani kwake, vitenzi vikikimbia na mikia yao mifupi. İlhami alimsikiliza kwa macho yote. Lakini midomo yake, polepole, bila sauti na bila yeye kujua, ilianza kutikisika, ikiyarudia maneno ya Belkıs moja baada ya jingine na kuyaongezea kilichopungua.

Belkıs aliona. Alimtazama vile vile alivyomtazama muuzaji wa pilipili. Kisha akamega kipande kikubwa cha mkate wa moto, akamtia kinywani.

"Tafuna," alisema, akaendelea na hadithi yake.